Kabla ya kukata tiketi: udaktari ughaibuni kwa mwenye doa la nidhamu

Barua ya seneti huwa fupi. Ina namba ya usajili, kifungu cha kanuni za mitihani, tarehe ya kikao, na mstari mmoja mzito unaosema umeondolewa chuoni. Wiki hiyohiyo simu zinaanza kuingia. Mjomba anamjua mtu aliyempeleka mwanawe China. Jirani ana kipeperushi cha wakala chenye picha ya vijana waliovaa makoti meupe. Rafiki aliye Kampala anaapa kwamba huko hawaulizi chochote. Kabla mwezi haujaisha familia imeshakubaliana kuuza kiwanja, na mwenye barua hajaisoma hata mara ya pili.

Sikatazi mtu kwenda. Hospitali zetu zina madaktari wengi waliosomea China, Urusi, Cuba na India, na kazi yao inaonekana. Lakini kwa mtu mwenye rekodi ya nidhamu, safari hii inabidi ipangwe kuanzia mwisho wake. Chuo cha nje kitakupa kiti darasani. Siku utakaporudi na shahada, utakabidhi makabrasha yako kwa baraza la madaktari, na watakaoyasoma ni watu wasiojali ulilipa ada kiasi gani. Kila uamuzi unaoufanya leo, kuanzia nchi utakayochagua hadi sentensi utakayoandika kwenye fomu, upime kwa siku hiyo.

Barua inasema nini hasa?

Watu wengi wanaojiita "wamefukuzwa kwa nidhamu" hawakufukuzwa kwa nidhamu. Wamepigwa disco. Aliyeshindwa masomo hadi GPA ikashuka chini ya kiwango ana tatizo la kitaaluma, na chuo kingine kitamuuliza kama sasa ameiva. Aliyekamatwa na karatasi kwenye chumba cha mtihani, ile ambayo Wakenya huiita mwakenya, ana tatizo la uaminifu, na swali linakuwa zito zaidi: mtu huyu akiachiwa faili la mgonjwa ataandika kilichotokea? Hizi ni kesi mbili tofauti, na ukizichanganya kwenye maelezo yako unajibebesha mzigo ambao hukupewa.

Makosa ya sekondari ni mepesi kuliko wenyewe wanavyodhani. Mgomo wa chakula kidato cha tano, kuruka ukuta, simu iliyokamatwa bwenini: haya hayamzuii mtu kuwa daktari, hapa wala nje. Yanaonekana sehemu moja tu, kwenye cheti cha kumaliza shule, ambapo mkuu wa shule huandika neno kuhusu mwenendo. Ukikuta ameandika "wa kuridhisha" badala ya "mzuri", wala usihangaike. Ukikuta ameandika sentensi nzima ya kukulaumu, rudi shuleni kwa heshima, ukiwa na mzazi, uombe barua ya pembeni inayoeleza kilichotokea na adhabu uliyotumikia. Wakuu wa shule wengi hawana kinyongo cha miaka mitatu.

Kufutiwa matokeo na NECTA au KNEC ni jambo jingine. Hapo kuna rekodi ya taifa, na chuo chochote makini kitauliza kwa nini ulifanya mtihani huohuo mara mbili. Jibu lipo: ulifutiwa, ukarudia, ukafaulu chini ya usimamizi. Litoe kabla hujaulizwa.

Na kuna kundi ambalo huwa linanikera kuliona limewekwa humu. Hadi Novemba 2021 msichana wa Tanzania aliyepata mimba aliondolewa katika shule ya serikali na hakuruhusiwa kurudi, na kanuni za mwaka 2002 zilizotumika kumwondoa zilizungumzia kosa dhidi ya maadili. Leo baadhi ya wasichana hao ni watu wazima, wamefanya mitihani kama watahiniwa wa kujitegemea na wanataka udaktari. Kama wewe ni mmoja wao, usiandike barua ya kuomba radhi. Andika kwamba masomo yalikatizwa na uzazi, taja mwaka uliorudi, taja matokeo. Basi.

Makosa yanayofunga milango kweli ni machache: kughushi cheti, kuiba dawa, kumdhuru au kumnyanyasa mgonjwa kijinsia ukiwa wodini, na hukumu ya jinai. Kwa hayo, sikushauri utumie fedha ya familia kununua tiketi kabla ya kuzungumza na mwanasheria na, ikiwezekana, na ofisi ya baraza lenyewe. Unaweza kusoma miaka sita Harbin na usipate leseni mahali popote.

Kabla ya yote hayo, angalia muda wa rufaa. Barua nyingi za vyuo vikuu zinautaja, na ni mfupi. Watu huuacha upite kwa sababu ya aibu au kwa sababu wakala ameshasema nafasi zinaisha. Hata rufaa isiyokurudisha chuoni inaweza kubadilisha maneno ya barua: kutoka kuondolewa moja kwa moja kuwa kusimamishwa kwa miaka miwili, au kutoka "udanganyifu" kuwa "ukiukaji wa taratibu za mtihani". Maneno hayo utaishi nayo muda mrefu kuliko hasira ya sasa. Na kama adhabu ina mwisho, siku inapoisha nenda kwa msajili ukachukue barua inayosema imeisha. Watu wachache sana huifuata barua hiyo, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote utakazobeba.

Mlango wa kurudia

Tanzania Bara, anayesajili madaktari ni Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017. Zanzibar wana baraza lao. Kenya ni KMPDC. Ukirudi na shahada ya nje, safari yako inakuwa hivi: Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ithibitishe kwamba shahada hiyo inatambulika, baraza likupe mtihani wa waliosoma nje, ukifaulu upate usajili wa muda, ufanye utarajali wa mwaka mmoja katika hospitali iliyoidhinishwa, ndipo usajiliwe kikamilifu. Kenya nao wana utaratibu unaofanana na huo, na mtihani wa kabla ya utarajali kwa waliosoma nje haukwepeki.

Hapa ndipo wengi huanguka kwa sababu isiyohusiana na nidhamu kabisa. Baraza na Tume hutazama pia ulivyoingia. Kama hukuwa na alama za kidato cha sita zinazokubalika kusomea udaktari nyumbani, yaani ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia kwa kiwango kilichomo kwenye mwongozo wa TCU, shahada ya nje inaweza kukutoka mikononi hata kama uliisoma kwa jasho. KMPDC nao huuliza alama za KCSE. Wakala atakwambia chuo chake kinapokea mwenye ufaulu wa masomo mawili. Inawezekana kinapokea kweli. Swali la kumuuliza ni kama atakuwepo siku ya kurudi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata ada ya maombi, ingia TCU uombe ile hati ya kutokuwa na pingamizi ya kwenda kusoma nje. Faida yake kwako ni kubwa kuliko karatasi yenyewe: inalazimisha mtu wa serikali atazame vyeti vyako, jina la chuo na jina la programu kabla fedha haijatoka. Kama kuna tatizo, ni bora ulisikie Dar es Salaam.

"Huko hawatajua"

Watajua. Labda si chuo, na labda si mwaka wa kwanza.

Tanzania, kila mwombaji wa chuo kikuu hufuatwa na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Ukidahiliwa mahali, namba hiyo inabaki kwenye mfumo wa udahili pamoja na jina la chuo na mwaka. Utakapopeleka shahada ya China ikatambuliwe, anayefungua faili ataona kwamba mwaka 2021 ulikuwa mwanafunzi wa udaktari chuo fulani cha hapa, na kwamba hukumaliza. Atauliza. Kama kwenye fomu ya chuo cha nje uliandika kwamba hujawahi kusoma chuo kikuu, umepata kosa la pili, na hili hukulifanya ukiwa na miaka kumi na tisa.

Wapo wanaojaribu kuikwepa namba hiyo kwa kurisiti kidato cha nne upya kwa jina jingine. Nawasihi wasifanye. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA chenye alama za vidole, pasipoti na vyeti viwili vya sekondari vyenye majina mawili haviwezi kukaa kwenye bahasha moja bila kugombana. Na hapo tena si suala la nidhamu ya chuo. Ni jinai.

Mataifa mengine yamefunga mianya zaidi. Uingereza, vyuo vya udaktari vinatunza kwa pamoja kumbukumbu ya wanafunzi walioondolewa kwa sababu ya kutofaa kuwa madaktari, na mwombaji hukaguliwa humo. Marekani, fomu ya pamoja ya maombi ya vyuo vya udaktari ina swali kuhusu hatua ya nidhamu iliyowahi kuchukuliwa na chuo chochote ulichosoma, na maelekezo yake yanataka ujibu ndiyo hata kama adhabu ilishafutwa kwenye rekodi. Nayasema haya kwa ajili ya vijana wetu wa Minnesota na Texas, ambao wazazi wao husoma ushauri wa Dar es Salaam na kudhani unafanya kazi huko.

Jambo moja linawachanganya watu kila mara. Balozi nyingi huomba cheti cha polisi cha tabia njema. Cheti hicho kinahusu jinai. Karatasi uliyokamatwa nayo kwenye mtihani wa anatomia haimo, kwa sababu seneti si mahakama. Basi mtu akipata cheti kisafi cha polisi hudhani amesafishwa, halafu kwenye fomu ya chuo akikutana na swali "umewahi kuadhibiwa na taasisi ya elimu?" anaandika hapana kwa moyo mkunjufu. Soma swali lilivyoandikwa. Likiuliza jinai, jibu jinai. Likiuliza nidhamu ya chuo, jibu hiyo. Lisipouliza kitu, huna wajibu wa kujitangaza kwenye fomu, ila usifiche chuo ulichosoma.

Barua ya maelezo

Hapa tukae kidogo, maana ndipo kesi nyingi hushinda au kushindwa. Vyuo vinavyouliza hutaka maelezo mafupi, ukurasa mmoja. Vijana wengi huandika kitu cha namna hii:

"Kutokana na changamoto zilizokuwa nje ya uwezo wangu, nilijikuta katika hali ya kutoelewana na uongozi wa chuo, jambo lililopelekea masomo yangu kusitishwa."

Msomaji wa udahili ameshakutana na sentensi hii mara nyingi. Haisemi lini, haisemi nini, na inamshtaki mtu mwingine. Sasa tazama mfano huu wa kubuni:

"Machi 2022, nikiwa mwaka wa pili, niliingia kwenye mtihani wa biokemia nikiwa na karatasi niliyoiandika mwenyewe. Msimamizi aliikuta. Nilikiri mbele ya kamati ya nidhamu. Seneti ilinisimamisha miaka miwili na kufuta matokeo ya muhula huo. Adhabu iliisha Machi 2024. Nimeambatisha barua ya seneti na barua ya msajili. Katika muda huo nimejitolea kufundisha Kemia katika sekondari ya kata, na mkuu wa shule ameandika barua iliyoambatishwa."

Hakuna machozi. Kila sentensi ina karatasi nyuma yake. Angalia pia kilichokosekana: hakuna "aliikuta kabla sijaitumia". Inawezekana ni kweli, lakini kama taarifa ya kamati haisemi hivyo, maneno matatu hayo yatafanya barua nzima isomwe kwa mashaka. Kanuni yangu ni kuweka barua ya seneti mezani kushoto na maelezo yako kulia, kisha kumpa mtu mwingine asome yote mawili. Akiona tofauti yoyote, sahihisha ya kulia.

Usieleze ulichojifunza kwa aya tatu. Sentensi moja inatosha, nayo iwe juu ya kitendo. Kuhusu wadhamini, tafuta angalau mmoja aliyekufahamu wakati wa kosa au baada yake, na hakikisha analijua. Mwalimu anayekusifia kwa uadilifu huku hajui ulisimamishwa anaweza kuaibika siku chuo kikimpigia simu, na aibu hiyo itakurudia.

Sababu za kibinadamu zipo: msiba, ugonjwa, mkopo uliochelewa ukalala njaa wiki ya mitihani. Zitaje kama zina ushahidi, kwa ufupi, na baada ya kukiri kosa. Zikitangulia, zinasomeka kama visingizio hata pale ambapo ni ukweli mtupu.

Nchi gani?

Anza na chuo, kisha nchi. Kitafute kwenye orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari inayosimamiwa kwa ushirikiano wa shirikisho la elimu ya udaktari duniani, WFME. Chuo kisipokuwepo humo, achana nacho. Kikiwepo, bado hujamaliza, kwa sababu orodha yenyewe inasema kuwemo si sawa na kuthibitishwa ubora. Hatua inayofuata ni kuuliza baraza la nyumbani kama limewahi kusajili wahitimu wake.

Uganda na Kenya zina faida kubwa: lugha, nauli ya basi, magonjwa yaleyale, na mabaraza ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hukagua vyuo vya udaktari kwa pamoja na kutambuliana. Lakini ukaribu huohuo una maana kwamba ofisi zinazungumza. Anayekwenda Kampala ili kujificha amechagua mahali pabaya. Anayekwenda akiwa na barua zake zote amechagua vizuri kuliko wengi.

China huchukua miaka 6 pamoja na mafunzo ya hospitali. Wizara ya Elimu ya huko iliwahi kutoa orodha ya vyuo 45 vilivyoruhusiwa kufundisha udaktari kwa Kiingereza; chuo kisichokuwa na ruhusa hiyo kinaweza kukuingiza darasani na bado ukakwama. Darasani ni Kiingereza, wodini ni Kichina. Mgonjwa wa Wuhan hatakueleza maumivu yake kwa lugha yako, kwa hiyo mwaka wa kwanza na wa pili soma lugha kama somo la udaktari. India ni miaka mitano na nusu, nusu mwaka zaidi ya MD ya nyumbani ukiacha utarajali, ila mwaka wa mwisho wa India ndio utarajali wao, na baraza la nyumbani ndilo litaamua kama unahesabika. Urusi ni miaka 6, na mambo ya kutuma ada yamekuwa magumu tangu vikwazo vya benki vya 2022.

Vita na magonjwa navyo havibagui. Februari 2022 wanafunzi wa Kiafrika walikimbia Kharkiv na Kyiv kwa treni na miguu. Aprili 2023 Watanzania, wengi wao wanafunzi, waliondolewa Khartoum. Na tangu Machi 2020 hadi Agosti 2022 wanafunzi wa kigeni wa China waliokuwa makwao hawakuweza kurudi. Walisoma udaktari kwenye simu, na mabaraza mengi hayakuridhika na wodi ya kwenye simu. Mwanafunzi wa kawaida akikwama hivyo huomba kuhamia chuo cha nyumbani. Wewe mwenye rekodi, njia hiyo inaweza kuwa imefungwa, basi uliza mapema.

Visiwa vya Karibiani ni njia ya Wamarekani. St. George's ya Grenada ilianzishwa 1976, na Ross ilihama Dominica kwenda Barbados baada ya kimbunga Maria cha 2017. Kwa kijana wetu aliyekulia Marekani, ajue mambo mawili. Kwanza, kwenda kisiwani hakuondoi swali la nidhamu. Litarudi wakati wa kuomba nafasi ya mafunzo ya ubingwa na tena kwenye leseni ya jimbo. Pili, Wamarekani waliosomea nje hupata nafasi hizo takriban theluthi mbili ya wanaoomba, wakati waliosomea nyumbani hupita tisa kati ya kumi. Kwa anayeishi Tanzania au Kenya, sioni sababu ya kupeleka fedha huko.

Wakala na fedha

TCU husajili mawakala wa kupeleka wanafunzi nje. Muulize namba yake, kisha iulize TCU. Ada ya chuo lipa kwenye akaunti ya chuo, kamwe si ya wakala wala ya "ofisa uhusiano". Wakala akisema, "hii ya nidhamu usiitaje, tutaipanga sisi," ondoka. Huyo ameshakuambia atakavyofanya na vyeti vyako, na sahihi kwenye fomu itakuwa yako.

Omba kuiona fomu iliyojazwa kwa jina lako kabla haijatumwa, ukurasa kwa ukurasa. Mawakala hujaza fomu thelathini usiku mmoja, na swali la nidhamu hujibiwa hapana kwa wote kwa mkupuo.

Bodi ya Mikopo hukopesha wanaosoma vyuo vya ndani. Usihesabu boom ukiwa Nanjing. Piga hesabu ya miaka yote kwa dola, si mwaka wa kwanza kwa shilingi, uongeze nauli, bima, kodi ya chumba, na miezi ya kukaa nyumbani ukisubiri mtihani wa baraza. Familia ikiweza kulipa miaka miwili tu na "Mungu atajua mbele", mtoto atarudi mwaka wa tatu bila shahada na bila kiwanja.

Kuna hatari nyingine ambayo mtu mwenye historia ya nidhamu lazima aione. Ukifukuzwa Morogoro unapanda basi kwenda kwa shangazi. Ukifukuzwa chuo cha ugenini, kibali cha kuishi hufa pamoja na usajili, na una siku chache za kuondoka. Mahudhurio yanahesabiwa kwa alama za vidole, mitihani ina kamera, na vyuo vingi havina onyo la pili. Kama kilichokuponza nyumbani ni pombe, kamari ya simu, au hofu ya mtihani inayokufanya utafute njia ya mkato, kishughulikie kabla ya kupanda ndege, na mtu anayejua kazi hiyo. Baridi na upweke wa Januari haviponyi chochote katika hivyo.

Njia ambayo wakala hatakutajia

Stashahada ya utabibu ni miaka 3, iko chini ya NACTVET, na mhitimu mwenye GPA isiyopungua 3.0 na ufaulu unaotakiwa wa kidato cha nne anaweza kuomba shahada ya udaktari hapahapa. Kwa mtu aliyesimamishwa kwa miaka miwili au mitatu, hesabu inavutia. Muda wa adhabu unapita ukiwa unasoma, unaingia wodini, unapata wakuu wa kazi wanaoweza kuandika kwamba umeaminiwa na wagonjwa na funguo za kabati la dawa. Ushahidi wa namna hiyo hakuna chuo cha Ulaya kitakachokupa. Wanaoidharau njia hii kwa sababu inasikika ndogo mbele ya majirani wajiulize ni nani atakayelipa ada ya Urusi, majirani au mama.

Ukiamua nje, fungua faili leo. Liwe na barua ya seneti, barua ya mwisho wa adhabu, uamuzi wa rufaa, nakala ya fomu zote ulizojaza jinsi zilivyotumwa, majibu ya TCU, risiti za benki, na mtaala wa chuo cha nje wenye saa za kila somo, kwa sababu mtaala wa mwaka ulioingia ni mgumu kuupata baada ya miaka saba. Nakala moja ikae kwako, moja kwa mzazi, moja kwenye barua pepe. Na kama barua yako ya kuondolewa haijamaliza siku za rufaa, fomu ya chuo cha nje isubiri. Asubuhi ya kesho nenda ofisi ya msajili.